Mchukuzi, Pengo na Mwanya

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli, katikati ya Nairobi, baadhi ya mita huuzwa pamoja na waya mwembamba wa kupimia joto. Ndani yake mna nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Ncha ikizidi joto la mita kwa digrii moja, huzalishwa takriban mikrovolti 41. Fundi hulisoma joto akaendelea na kazi. Jina la jambo lenyewe ametuachia sisi walevi wa maneno.

Thomas Seebeck, mwaka 1821, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na metali mbili zilizopashwa joto upande mmoja, akaliita jambo hilo usumaku wa joto. Ørsted ndiye aliyesahihisha: joto liliendesha mkondo wa umeme, na mkondo ndio uliogeuza sindano. Kiswahili nacho kina kosa la jina la aina hiyo. Ile tuliyoiita kalamu ya risasi haina risasi ndani, ina grafiti. Na grafini ni tabaka la grafiti lenye unene wa atomu moja, ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walilibandua kwa selotepu na kulitangaza mwaka 2004. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilikuwa imetoka mwaka 1990, kabla ya tangazo hilo, kwa hiyo hapa tunajitafutia maneno wenyewe.

Umeme na joto vikipita kwenye grafini, tuseme nini? Usafirishaji unanukia karatasi za forodha. Mimi nashika uchukuzi, hata kama Wakenya watafikiria wizara kwanza, maana unakuja na mchukuzi wake, yule wa soko la Marikiti mwenye gunia mgongoni. Fizikia hapa inataka kujua hasa nani amebeba: elektroni zenye chaji hasi, au nafasi zilizoachwa na elektroni, ambazo hutenda kama chaji chanya. Alama ya volteji ya Seebeck hujibu. Sumaku hujibu pia, kwa njia aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Katika grafini, volteji ya pembeni hubadilisha wachukuzi ndani ya kipande kilekile, na volteji ya Seebeck hupita sifuri, alama yake ikageuka. Katika joto la kawaida volteji hiyo ya Seebeck hufika mikrovolti 80 hivi kwa digrii, karibu mara mbili ya waya wa Luthuli. Lakini grafini hupitisha joto upesi mno, pande mbili zikakaribia kulingana. Kwa kuzalisha umeme, haifai sana.

Zile nafasi wengine huziita matundu. Tundu hutobolewa. Hapa kuna kitu kilichokuwepo kikaondoka, na hilo ni pengo, kama wajuavyo waliong'olewa jino. Basi, pengo likiwa limeshapata kazi, ule utengano wa nishati usiokalika na elektroni, ambao silikoni huzaliwa nao, uitwe mwanya. Silikoni ina mwanya, grafini haina: wachukuzi wake hubadilishana zamu bila kizuizi, na transista yake haizimiki sawasawa.