Ada ya Rufaa: Gharama za Kutibu Utasa kwa Watu wa Nyamugari

Nyamugari ni jina la mtaa mmojawapo wa mji wa Gitega, na mwenye kushika njia ya kaskazini-mashariki hata Muyinga atalikuta tena. Na katika pande zote mbili si ajabu kusikia mtu akiitwa Havyarimana, jina la Kirundi lenye maana ya kwamba azaaye ni Mungu. Jina hilo humfariji aliyejaliwa. Lakini kwa mke aliyekaa miaka tisa katika ndoa bila dhuria, ambaye majirani humwita *ingumba* (neno ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, maana ni ndugu wa mgumba wetu), huwa mithili ya hukumu.

Tangu tarehe 25 Julai 1978, alipozaliwa Louise Brown mjini Oldham nchini Uingereza, hukumu hiyo imepata rufaa. Kampala ilimpokea mtoto wake wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili mwaka 2004, na Nairobi ikafuata mwaka 2006. Al-Azhar ilikwisha kutoa fatwa Machi 1980 kuwa jambo hilo ni halali maadamu yai na manii ni vya mke na mume walio katika ndoa, ili nasaba isichafuke. Kanisa Katoliki, lenye waumini wengi zaidi katika Burundi, lililikataa kwa waraka wa mwaka 1987, na kwa hiyo wapo wanandoa ambao hulipa kwa dhamiri kabla ya kulipa kwa mfuko.

Huo mfuko ndio niliokusudia kuujadili, kwani watu wakiulizana bei hutaja ankara ya hospitali peke yake. Duru moja katika hospitali za binafsi za Kampala au Nairobi hugharimu maelfu ya dola, ilhali pato la Mrundi kwa mwaka huhesabiwa kwa mamia machache. Na duru moja si mtoto mmoja, kwa sababu hata mke kijana aliye mikononi mwa matabibu hodari huenda akatoka mikono mitupu, ikambidi aanze upya sindano zile zile kwa bei ile ile. Bei ile ile, nasema, kana kwamba faranga husimama! Mei 2023, Benki Kuu ya Burundi iliposhusha thamani ya fedha yake, dola iliyouzwa rasmi kwa faranga 2,000 na ushei ilipanda hadi kama 2,800, na aliyekuwa akidunduliza faranga kwa ajili ya Kampala akaamka asubuhi robo ya akiba yake imeyeyuka, bila ya tabibu yeyote kuongeza hata senti. Tena Januari 2024, mpaka wa Rwanda ulipofungwa, msafiri wa Muyinga alilazimika kupita Kobero na Ngara, azunguke magharibi ya Ziwa Viktoria kwa njia ya Bukoba na Mutukula.

Na huko aendako hukaa karibu mwezi: siku kumi au kumi na mbili za sindano, kisha kutolewa mayai, kisha siku tatu hadi tano za kungojea yapandikizwe, kisha wiki mbili za kutojua. Zipo dawa zitakazo baridi, nazo nimeona mke mmoja akizibeba katika chupa ya chai iliyojazwa barafu, imefungwa khanga na kupakatwa kama mtoto. Mama mkwe wake ameambiwa ni safari ya biashara. Hapo ndipo ilipo gharama ambayo hakuna ankara iitajayo: arusi huchangiwa, maziko huchangiwa, bali msiba huu, kwa kuwa ni wa sitara, hulipwa na watu wawili peke yao.

Watasema wenye hesabu kwamba nchi ambayo kila mama, kwa uchunguzi wa 2016 na 2017, alizaa wastani wa watoto 5.5 haina haja ya kugharimia uzazi. Hoja hii siikubali, kwani mtoto wa sita wa jirani hamfuti machozi asiye na wa kwanza. Fauka ya hayo, mwaka 2006 serikali iliwaondolea wazazi gharama za kujifungua, nayo kwa kitendo hicho ilikwisha kukiri kuwa kuzaa si anasa ya mtu binafsi.

Hata hivyo sidai maabara ya fahari. Utasa mwingi wa Afrika hutokana na maradhi ya kuambukiza yaliyoziba mirija (Wahaya, upande wa pili wa mpaka, waliyajua mapema katika karne iliyopita), na maradhi hayo hutibika kwa dawa rahisi yakiwahiwa. Hata utungishaji wenyewe Ombelet wa Ubelgiji na Van Blerkom wa Marekani wameurahisisha, wakipata hewa ya kulelea kiinitete kwa kuchanganya asidi ya limau na magadi ndani ya vichupa. Bali kabla ya hayo kipo kipimo kinachohitaji hadubini na kipande cha kioo tu, nacho ni kupima manii, maana sababu ya upande wa mume humo katika karibu nusu ya ndoa zisizo na watoto.

Mke yule mwenye chupa ya chai alinifungulia bahasha yake ya kaki, imechakaa pembeni: picha za mirija, vipimo vya damu, risiti za hospitali nne, karatasi za miaka tisa. Nilizipindua moja moja. Zote zilikuwa na jina lake yeye.