Mwamba wa "asidi"

Wanajiolojia huita graniti, kama ile ya majabali ya Mwanza, "mwamba wa asidi". Asidi haimo. Jina ni la karne ya 19, wanakemia walipodhani silika iliyomo katika miamba ya moto ni zao la asidi. Dhana ilikufa, jina likabaki. Kinachopimwa ni silika yenyewe: ikizidi takriban asilimia 63, mwamba ni wa asidi, kati ya 45 na 52 ni wa besi, kama basalti. Silika nyingi huifanya lava inate. Lava ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, ambayo karibu haina silika, hutiririka kama maji. Walimu, semeni "mwamba wenye silika nyingi", mwanafunzi asitafute asidi isiyokuwepo.