Pete ya Mkanda na Bega la Mbebaji

Msomaji, picha ile bila shaka umeshaiona. Kama si kwenye kitabu cha historia, basi kwenye kalenda ya zamani au ukutani mwa hoteli ya kitalii. Mzungu kavaa kofia pana, mguu mmoja kaukanyagia nyati aliyekufa, anatabasamu. Pembeni yake kasimama Mwafrika na bunduki begani. Chini ya picha pameandikwa jina la Mzungu, aina ya mnyama, pengine hata urefu wa pembe kwa inchi. Na jina la yule wa pembeni? Hakuna. Eti "mbeba bunduki", basi, yametosha.

Leo nataka tumwache kidogo yule bwana mwenye kofia, tuitazame bunduki yenyewe. Tena si bunduki nzima. Tuangalie kile kipande kidogo kuliko vyote, pete inayoshika mkanda. Usicheke. Historia mara nyingine hujificha kwenye vitu vidogo kama hivyo.

Bunduki ya kuwindia huwa na pete mbili za mkanda. Ya nyuma hukaa upande wa chini wa kitako, kama sentimita 6 au 7 kutoka kwenye ncha yake. Fundi kwanza huhakikisha bunduki haina risasi, halafu hupima katikati ya mti, hutoboa tundu jembamba kidogo kuliko skrubu yenyewe, huipaka skrubu nta au sabuni na kuizungusha taratibu. Akiilazimisha, mti unapasuka, na kitako cha mti mzuri kikishapasuka ni hasara juu ya hasara.

Pete ya mbele ndiyo yenye maneno. Kwenye bunduki nyepesi, hutiwa kwenye ubao ulio chini ya mtutu. Skrubu hupita ndani ya ubao na kubanwa na nati kwa upande wa ndani, na fundi anayejua kazi hahalalishi iuguse mtutu hata kidogo. Mtutu ukisukumwa, risasi inakwenda kombo, nawe unabaki kumlaumu mganga.

Sasa njoo kwenye bunduki nzito, zile zilizotengenezwa Uingereza kwa ajili ya tembo, nyati na faru. Kampuni ya John Rigby ilitoa .416 yake mwaka 1911. Holland & Holland wakafuata na .375 mwaka 1912. Kwenye bunduki za aina hii, pete ya mbele aghalabu haiko kwenye ubao. Imesogezwa mbele, ikavishwa kwenye mtutu wenyewe kama pete kidoleni, kisha ikaungwa kwa lehemu. Kwa nini? Kwa sababu bunduki hizo zikilia hurudi nyuma kama punda anayepiga teke. Mkono wa kushoto wa mpigaji umeshika ubao. Pete ingekuwa pale, ingemchana vidole. Faida nyingine ni kwamba bunduki ikining'inizwa begani hukaa chini zaidi, mdomo wake haunasi kwenye matawi.

Akili hiyo, tena kubwa. Mtu alikaa chini huko London akawaza vidole vya mwindaji, akahamisha kipande cha chuma kisichozidi upana wa dole gumba. Lakini hebu jiulize swali moja dogo: hivi bunduki hiyo ya kilo 4 mpaka 5, kutwa nzima juani, ilikuwa kwenye bega la nani?

Mara nyingi haikuwa kwenye bega la mwenyewe. Kwenye misafara ya uwindaji ya Afrika Mashariki, bunduki ilibebwa na mtu wa kazi hiyo. Alitembea nyuma ya mwindaji, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Mkanda wenyewe mara nyingi ulivuliwa kwa kuwa vichakani hunasa miiba na pete hulialia. Kwa hiyo jamaa aliibeba bunduki begani hivi hivi, mti juu ya mfupa, mkono umeshika mtutu. Wahenga walishasema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Chukua mfano wa Aprili 1909. Theodore Roosevelt, ambaye ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwemo Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi ya watu waliomhusudu kule Uingereza. Mwaka 1910 akatoa kitabu cha safari hiyo, African Game Trails. Baba na mwana waliua wanyama 512, Theodore 296 na Kermit 216. Hesabu hiyo ipo, imepangwa mnyama kwa mnyama.

Tuna mengi ya kumlaumu Roosevelt, lakini hili tumpe: baadhi ya majina aliyaandika. Wabeba bunduki wa Kermit walikuwa Juma Yohari, Mswahili, na Kassitura, mtu wa kutoka Uganda. Hata hivyo wanaonekana kwa jicho la bwana wao tu. Juma aliwaza nini usiku, motoni, akisafisha bunduki isiyo yake? Kalamu haikuwa mkononi mwake.

Kuna mzee jirani yetu ambaye ujanani alifuata misafara ya namna hiyo kabla uwindaji haujafungwa. Siku moja nilikwenda kumsalimia, nikamletea hadithi yangu ya pete na mkanda, najifanya mjuzi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta tena karatasi zako?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Uzito si neno, mtu huzoea. Kazi ilikuwa nyati akija. Wewe una bunduki ya pili, imejaa, lakini si yako kuipiga. Unatakiwa usimame, umpe mkononi, tena kitako kimtazame yeye. Ukikimbia, umemuua mtu."

Nilinyamaza. Katika vyote nilivyosoma kuhusu pete na mikanda, sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyelipwa kusimama mbele ya nyati na silaha mkononi bila ruhusa ya kuitumia.

Na si porini tu. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipofika huku kwetu, askari alikuwa na bunduki na mkanda wake, lakini chakula, risasi na mahema vilibebwa na wachukuzi, kwa kichwa na bega. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Unaposhuka daladala Kariakoo, Dar es Salaam, au matatu ya Kariokor, Nairobi, unatamka jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi zetu. Jina la kikosi tunalo. Majina ya watu je?

Tanzania ilifunga uwindaji wa kitalii mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Bunduki za mabwana wa zamani sasa ziko kwenye makabati ya vioo huko Ulaya na Marekani, nyingine huuzwa kwenye minada kwa bei ya kuogofya. Orodha ya mnada itakueleza pete ya mbele iko wapi, kwenye mtutu au kwenye ubao, na kama ni ya asili au imebadilishwa. Itakutajia na mwindaji aliyeimiliki. Bega lililoibeba halimo.

Ndugu zangu tunaojifunza kuandika, tunapenda kulalamika kwamba hatuna la kuandika, eti mada zimekwisha. Zimekwisha wapi? Wale wazee wapo vijijini na hata hapa mtaani, nao wanapungua kila mwaka. Mimi nimeanza na huyu wangu. Safari ya kwanza nilimuuliza habari za bunduki. Jumapili ijayo narudi na daftari jipya, na swali la kwanza litakuwa majina: wenzake aliobeba nao walikuwa akina nani, na walitoka wapi.