Kikosi cha Nne: Frigeti nane za Uingereza, mbili zikabaki Falkland

KIKOSI cha Nne cha Frigeti cha Jeshi la Majini la Uingereza kiliundwa na manowari nane za Aina ya 21, zilizoanza kazi kati ya mwaka 1974 na 1978. Majina yake yote yalianza na herufi A: Amazon, Antelope, Active, Ambuscade, Arrow, Alacrity, Ardent na Avenger.

Kinyume na desturi, usanifu wake ulikabidhiwa kampuni binafsi za Vosper Thornycroft na Yarrow. Zilikuwa meli za kupendeza macho, zenye mwendo wa zaidi ya maili 30 za baharini kwa saa. Ili kupunguza uzito, majengo ya juu ya sitaha yaliundwa kwa aluminiamu.

Mwaka 1982, Argentina ilipovitwaa Visiwa vya Falkland, frigeti saba za kikosi hicho zilipelekwa vitani. Amazon pekee haikwenda. Mei 21, Ardent ilishambuliwa kwa mabomu ya ndege, ikateketea na kuzama siku iliyofuata. Mabaharia 22 walipoteza maisha. Nahodha wake, Alan West, aliyekuwa wa mwisho kuihama, alikuja kuwa mkuu wa jeshi hilo mwaka 2002.

Mei 23 ilikuwa zamu ya Antelope. Mabomu mawili yaliipiga bila kulipuka, lakini moja likalipuka usiku mikononi mwa wataalamu waliokuwa wakilitegua. Mmoja wao alifariki papo hapo, na kesho yake meli ikazama.

Wengi waliilaumu aluminiamu, ambayo hulegea upesi ikipata moto. Lawama hiyo ilitiwa chumvi, kwani Sheffield, iliyoungua mapema mwezi huohuo, ilikuwa ya chuma. Udhaifu mkubwa ulikuwa katika kujikinga na ndege, kwa kuwa makombora yake ya Seacat yalikwishapitwa na wakati. Aidha, mawimbi makali ya kusini yalizitia nyufa meli hizo, ikabidi ziongezewe mabamba ya chuma.

Sita zilizosalia ziliuzwa kwa Pakistan mwaka 1993 na 1994. Ambuscade, iliyoitumikia Uingereza kwa miaka 18, ilipewa jina la Tariq na kuitumikia Pakistan kwa miaka 30, hadi ilipostaafishwa mwaka 2023.