Australia ilipowafungia mlango raia wake

Aprili 30, 2021, usiku ukiwa umeshaingia, Waziri wa Afya wa Australia, Greg Hunt, alitoa tangazo lililowaacha watu vinywa wazi. Kuanzia Mei 3, yeyote atakayetua nchini humo akiwa amekaa India ndani ya siku 14 zilizotangulia, hata kama ni raia mzaliwa, atakuwa ametenda kosa la jinai. Adhabu ni faini ya hadi dola 66,600 za Australia, kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Waaustralia wapatao 9,000 walikuwa wamejiandikisha huko India wakiomba kurudishwa kwao, na hospitali za Delhi zilikuwa zinaishiwa oksijeni.

Wengi walilichukulia tangazo lile kama kioja cha wakati wa korona. Lakini nchi ile imezungukwa na bahari pande zote, na tangu enzi za meli imezoea kuitumia bahari kama ukuta wa kuzuia maradhi. Hata Katiba yake ya 1901 inalitaja neno karantini miongoni mwa mamlaka ya Bunge la shirikisho. Haki ya raia kurudi nyumbani haimo.

Mwaka 1918 meli ya kijeshi Boonah iliondoka bandari ya Fremantle ikiwapeleka askari vitani. Ilipofika Durban, vita ilikuwa imekwisha siku chache tu nyuma. Askari hawakuruhusiwa kushuka, kwa kuwa mji ulikuwa umeshikwa na mafua makali ya mwaka ule, ila makuli wa bandarini walipanda melini kupakia shehena. Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Boonah iliporudi Fremantle mwezi Desemba, wagonjwa walikuwa wapatao 300. Walishushwa na kupelekwa kituo cha karantini cha Woodman Point, na zaidi ya askari 20 wakafia huko pamoja na wauguzi wanne waliokuwa wakiwahudumia. Mamia waliobaki melini waliuona mji wao kwa macho wasiruhusiwe kuukanyaga. Chama cha askari waliorudi vitani kilikuja juu hadi kutishia kuivamia meli.

Ukali ule ulikuwa na sababu. Novemba ya mwaka huohuo, Samoa ya Magharibi iliiruhusu meli Talune kutia nanga bila karantini, na zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano visiwani akafa. Mafua hayo yaliingia Australia mwaka 1919 na kuua watu kati ya 12,000 na 15,000, lakini yalichelewa, na kuchelewa huko kuliokoa roho nyingi. Serikali ya Canberra haijalisahau funzo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo lilisahauliwa. Mwaka 1908 James Minahan alishuka melini Melbourne, mji aliozaliwa. Mama yake alikuwa mwanamke wa huko, baba yake Mchina, na tangu akiwa na miaka mitano alikuwa amelelewa China. Maofisa walimpa ule mtihani wa imla uliotungwa makusudi kuwazuia wasio Wazungu, akashindwa, wakataka kumfukuza. Kesi ilifika Mahakama Kuu, nayo ikaamua kwamba mtu anayerudi kwao si mhamiaji: aliyezaliwa katika jamii ile ana haki ya kutoka na kuingia tena. Huo ulikuwa msingi mzuri, ila ulikuwa wa majaji. Hakuna aliyejishughulisha kuuandika katika Katiba.

Korona ilipoingia, mlango ulifungwa hatua kwa hatua. Februari 1, 2020, wageni kutoka China walizuiwa. Machi 20, wageni wote. Siku chache baadaye raia wakakatazwa hata kutoka bila kibali, na kila aliyerudi akalazimishwa kukaa hotelini siku 14. Hadi hapo raia aliyekuwa ng'ambo alikuwa bado na njia.

Kilichomkwamisha ni kikomo cha abiria kilichowekwa Julai 2020. Kwa kuwa vyumba vya karantini vilikuwa haba, ndege kubwa zilitua na abiria 30 au 40 tu. Mashirika ya ndege hayaendeshwi kwa sadaka: ili safari isilete hasara yaliuza viti vya daraja la juu kwanza, na mwenye tiketi ya kawaida akawa anaahirishiwa safari mara kwa mara. Aliyebahatika kufika Sydney alidaiwa dola 3,000 za hoteli. Septemba hiyo Waziri Mkuu Scott Morrison alisema anatumaini wengi wao wangekuwa nyumbani kufikia Krismasi. Walioandikishwa wakati huo walikuwa kama 26,000. Krismasi ilipofika, orodha ilikuwa imekaribia 39,000. Januari ikaja, na wachezaji wa tenisi pamoja na misafara yao, watu wapatao 1,200, wakaletwa Melbourne kwa ndege za kukodi. Waliokwama London na Manila waliyatazama mashindano hayo kwenye televisheni.

Kisha ndiyo India. Marekani na Uingereza zilipoungua kwa korona, raia waliotoka huko hawakutishiwa jela. Wenye asili ya India waliuliza kwa nini wao, na sijaona jibu lililowatosheleza. Mzee wa miaka 73 aliyekwama Bengaluru alifungua kesi. Mei 10, Jaji Thomas Thawley wa Mahakama ya Shirikisho aliitupilia mbali sehemu ya kwanza ya kesi hiyo: Sheria ya Usalama wa Kibiolojia ya 2015 imempa waziri mamlaka mapana kiasi cha kuipiku haki ya kale ya raia kuingia kwao. Ushindi wa Minahan haukumfaa mzee huyu. Katazo liliisha siku tano baadaye, na ndege ya kwanza ikatua Darwin ikiwa na takriban nusu tu ya waliopangiwa. Wengine walikuwa wamekutwa na virusi, au waliishi na waliokutwa navyo.

Tuwe wakweli: Australia ilimaliza mwaka 2020 na vifo 909, idadi ambayo nchi nyingi tajiri zingeitamani. Kufunga mpaka kulifanya kazi. Ila kujenga vituo vya kutosha vya karantini, kama kile cha Howard Springs karibu na Darwin, lilikuwa jambo lililowezekana, na serikali ilikuwa na mwaka mzima wa kulifanya. Ilichagua kuwabebesha gharama walio mbali, ambao hawakuwa na pa kupigia kelele.

Msomaji wa Tanzania asidhani haya ni ya Waaustralia peke yao. Ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kutoka nchini na kuingia. Baada ya kuisoma, endelea na ibara ndogo ya pili, inayoruhusu haki hiyo kuwekewa mipaka kwa manufaa ya umma.