Fedha za Utafiti na Njia ya Kesses

Cheptiret ni kituo kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mahali anaposhukia au kukatia kona anayekwenda Kesses, kwenye ndaki kuu ya Chuo Kikuu cha Moi. Chuo hicho kilipendekezwa na tume ya Mackay mwaka 1981, kikaanzishwa 1984. Wanafunzi wake wa kwanza, 83, walihamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Desturi ya msomi kuomba fedha na kupimwa na wasomi wenzake ni kongwe kuliko chuo chenyewe. Katikati ya karne ya 19, kamati ya Royal Society ya London ilikuwa tayari ikigawa ruzuku ya serikali ya pauni 1,000 kwa mwaka. Kenya nayo iliunda Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia mwaka 1977.

Kwa wahadhiri wa Kesses, mlango mmoja mkubwa wa fedha hizo ulifunguka 2008 ulipoundwa CARTA, muungano wa mafunzo ya utafiti barani Afrika, chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Moi ni mwanachama. Ufadhili wa CARTA umekuwa hasa wa uzamivu katika afya ya umma, na miito yake imewahi kuweka kikomo cha umri cha miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake; tofauti ya haki, kwani miaka ya kulea ndiyo hiyo hiyo ya kusoma.

Maombi ya namna hii hupitia chekeche kadhaa. Kwanza hukaguliwa kama yametimia, na hapo wazo zuri huweza kuangushwa na barua moja ya mkuu wa idara iliyosahauliwa. Yanayobaki hupewa wahakiki wawili au watatu, kila mmoja akitoa alama peke yake, kisha jopo hukaa kuzilinganisha. Mjumbe aliyemsimamia mwombaji hutoka nje. Bajeti nayo huchambuliwa, hadi mafuta ya gari na posho za wasaidizi.

Kupata fedha si kupata ruhusa. Utafiti unaohusu watu husubiri kibali cha kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyorithi baraza la 1977 kwa sheria ya 2013. Sheria hiyo ilianzisha pia Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuutengea asilimia 2 ya pato la taifa, kiwango ambacho Hazina haijakifikia. Hivyo kalenda ya mtafiti wa Kesses bado hufuata miito ya wafadhili wa nje.