Uyoga Mkavu Ni Shahidi

Mvua zikinyesha huku Kasumulu, uyoga huletwa sokoni katika masinia. Ukimwuliza mama muuzaji kama unalika, atakujibu kwamba amekuzwa nao, na jibu hilo latosha kwa mboga ya jioni. Kwa mtaalamu halitoshi. Uyoga ule ule waweza kuwa na jina moja Unyakyusa na jingine Masasi, na uyoga wa aina mbili huweza kufanana kama mapacha, mmoja kitoweo, mwingine mauti. Ndiyo maana jina la kitaalamu kwa kawaida hufungwa kwenye sampuli moja iliyokaushwa na kutunzwa ndani ya bahasha. Ukitokea ubishi, bahasha hufunguliwa.

Kwa upande wetu wa Ziwa Nyasa mambo haya ni ya siku nyingi. Mjerumani Walter Goetze alitumwa kukusanya mimea, akapita Uhehe na milima ya Wakinga, akafariki mwaka 1899 huko Langenburg, kituo cha Wajerumani kilichokuwa kando ya ziwa. Makusanyo yake yalikwenda Berlin, ambako Paul Hennings alikuwa akiutolea majina uyoga wa Afrika Mashariki. Mimea mingi imeitwa goetzei kwa heshima ya Goetze. Wa kuitwa kwa jina la mpagazi wake sijausikia.

Usiku wa Machi 1, 1943, vita ikiwa imepamba moto, mabomu yaliliangukia jumba la mimea la Dahlem, Berlin. Sehemu kubwa ya hazina iliteketea, na baadhi ya uyoga wa Hennings ukawa majivu. Hapo jina hubaki yatima: maelezo mafupi ya Kilatini yapo, shahidi hayupo. David Pegler wa Kew, Uingereza, alipoandika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya uyoga wa Afrika Mashariki, ilimbidi azirudie bahasha kuukuu zilizosalia.

Utasema, uyoga mkavu una ushahidi gani? Kweli, rangi hufifia na harufu hupotea. Hayo sharti mwokotaji ayaandike siku ile ile. Lakini vijimbegu vyake, visivyoonekana kwa macho matupu, hudumu na umbo lake miaka mia na zaidi, vikisubiri darubini. Siku hizi hata vinasaba hutolewa humo.

Baadaye Marja Härkönen wa Finland na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza na wanavijiji wenyewe: mnakula upi? Kisha wakakausha. Mwaka 1994 Härkönen na mwenzake Saarimäki walitangaza aina mbili mpya, Amanita tanzanica na Amanita masasiensis. Hiyo tanzanica ilikuwa mpya vitabuni. Jikoni, la hasha! Na ukoo huo huo wa Amanita ndio wenye uyoga unaoua watu Ulaya. Alama kubwa ya ukoo huo mara nyingi iko chini kabisa, kwenye kikombe kilichojificha udongoni. Anayekata shina kwa kisu hukiacha kikombe ardhini, na sampuli yake, hata ikikauka vizuri namna gani, huwa imepoteza nusu ya ushahidi.